Nilimharibia jina daktari wangu kwa jino nililolichafua mwenyewe

Mkosa ni mimi, nnasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwengine. Nimekaa nalo moyoni miaka, leo nnalitoa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilimeguka jino la mbele kwa kokwa ya tende. Nilikuwa nakaa mtaa wa Darsait, napokea wateja kwenye duka la magari mtaa wa pili, Wattaya, na kazi ile bila ya kucheka haiendi. Nikenda kwa Salha, mtoto wa ami yangu, ndo kwanza kafungua kliniki yake ya meno. Akalijazia kwa ile dawa ya rangi ya jino. Likatoka zuri, hata mume wangu hakujua lipi.

Basi nikajipenda. Nikanunua dawa ya kusukutua, kali, inapanda mpaka puani. Na mie kwa ujuzi wangu nikaiunga na udhu. Kila sala, nikishatawadha, nasukutua dawa mara tatu, naiweka mdomoni mpaka machozi yananitoka. Kisha huyo, kwenye kahawa. Miezi mitatu!

Siku moja kiooni nikaliona jino la kahawia, kama nimetafuna tambuu. Hasira zikanipanda. Sikwenda kwa Salha. Nilikwenda kwenye kisomo cha Kurani kwa khalati yangu, dada wa mama, nikafunua mdomo mbele ya wanawake wote. "Tizameni kazi ya daktari wetu. Katia vitu vya rahisi."

Mnatujua wanawake wa kwetu kwa maneno. Kufika magharibi habari ishafika Ansab, mtaa wa mbali huko. Hazikwisha wiki mbili, watu wa kwetu hawaendi tena kwa Salha, na kliniki yenyewe bado changa. Ami, babake, akaacha kuja kwetu Ijumaa.

Salha akanipigia simu mwenyewe. "Njoo nilione hilo jino linalonifungia mlango."

Nikenda na ghadhabu zangu. Akalitizama, akaniuliza nasukutua nini. Nikamtolea chupa mkobani, tena kwa fahari.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tano. Kwa udhu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Bibi wee, hii dawa ya ufizi, ya siku chache tu. Ukiidumisha, na kahawa juu yake, ujazo unashika rangi. Hata chupani imeandikwa." Kisha akairudisha miwani. "Ungeniuliza tu."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Akalisugua, halikutakata lote, akaliziba upya. Mie nikapita nyumba kwa nyumba kusema kosa ni langu. Wengi walinicheka wakarudi kwake, na ami akaja kula pilau. Lakini wako walioniambia, "Aa, unamtetea kwa kuwa ni damu yenu." Hao mpaka leo hawajatia mguu kliniki ile. Salha keshanisamehe, tunataniana kama zamani, ila wale siwawezi.

Basi dada zangu, udhu maji yanatosha. Na jino likigeuka rangi, muulizeni daktari kabla hamjawaonesha makhalati.