Kiatu cha Mtu Mwingine

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye dirisha la leseni hapa Nyeri, nimekuja kulipia baiskeli yangu. Mbele yangu walisimama dada wawili wa Naro Moru. Mdogo alishika fomu, mkubwa akamshikia mkoba.

"Biashara gani, mama?" karani akauliza.

"Kukodisha viatu na makoti kwa wageni wa kupanda mlima," akajibu mdogo.

Mkubwa akaangua kicheko, akatugeukia sisi wa nyuma tumsaidie kucheka. "Ati viatu! Nimemwambia mpaka nimechoka. Nani ataingiza mguu yake kwa kiatu ya mtu mwingine? Hata bwana yake amekataa."

Mdogo hakugeuka. Aliisukuma fomu mbele kwa kidole kimoja. Karani akagonga muhuri, nami nikamwona mkubwa akiutazama ule wino kama mtu anayetazama sahani ya jirani. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Akainama dirishani. "Karani, na mimi nipatie fomu."

"Ya biashara gani?"

"Hiyo hiyo."

Hapo ndipo mdogo alipogeuka. Alichukua mkoba wake, akatoa kalamu, akampa dadake. "Andika pole pole," akasema, akaenda zake.

Tunaambiwa kwamba watu wetu hutuvunja moyo kwa sababu wanatupenda. Huenda ni kweli. Lakini yule mkubwa angalau alitoka pale na fomu. Mimi niliyemsaidia kucheka nilirudi nyumbani na leseni ya baiskeli.