Pindo Nililomwachia

Wanaosema siku hizi shule ni bure hawajawahi kusimama Januari mbele ya mtoto ambaye viatu vimemkataa. Ada hakuna, sawa. Lakini sare ipo, madaftari yapo, sweta lipo kwa sababu asubuhi zetu za Nangara zina baridi, mchango wa uji upo, na ipo ile rimu ya karatasi ambayo kila mtoto huipeleka na hakuna anayejua inaishia wapi. Ndiyo maana sisi wanawake wa mtaa mmoja tulianzisha kikundi.

Tukishauza mbaazi, tulipeleka fedha kidogo kidogo kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla karibu na stendi, naye Desemba alitufungulia katoni za madaftari kwa bei ya jumla. Alitutania kwamba ni sisi tu tunaolipa kabla ya kuchukua. Lakini kilichotuokoa zaidi kilikuwa mkeka. Kila mwaka, Jumamosi moja baada ya Krismasi, kila mama alileta uani kwa jirani yangu nguo za shule zilizombana mwanawe, zikiwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, na vifungo vyote vipo. Zilitandazwa mkekani. Unaacha inayobana, unachukua inayotosha. Hakuna aliyeuliza hii ilikuwa ya nani, kwa sababu kila mtu alijua. Kilichokatazwa ni kuleta nguo chafu na kuja mikono mitupu.

Mimi nilijulikana kwa mapindo. Nilimnunulia mwanangu suruali ndefu kuliko miguu yake, nikakunja ndani mikunjo kadhaa na kushona kwa mkono, nyuzi za kulegea. Kila Januari nilifumua mkunjo mmoja, na suruali ikarefuka pamoja naye. Yeye hakupenda. Mvua ikinyesha pindo lilikuwa zito na kumpigapiga miguuni, na siku moja alirudi amelowa akaniambia, "Mama, mimi natembea na benki miguuni." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa mtoto wa maneno.

Mwaka mmoja, likizo ya katikati ya mwaka, kichwa kilianza kumuuma. Tulimpeleka hospitali, tukapelekwa kwenye kubwa zaidi, na tukarudi naye kwenye jeneza. Zaidi ya hapo siwezi kueleza, na anayetaka kujua zaidi aniache. Alikuwa darasa la nne.

Kuna kitu kimoja hakuna aliyenionya. Tangu alipozaliwa, mimi niliitwa mama yake. Jina lake ndilo lilikuwa jina langu, sokoni, kanisani, hata kwa mwenye duka. Baada ya mazishi watu walianza kujikwaa. Walifungua mdomo, wakasita, kisha wakaniita kwa jina la mdogo wake wa kike. Walifanya hivyo kwa huruma, najua. Lakini kila waliponiita hivyo niliona kama wanamzika tena, na sikuwa na wa kumlaumu.

Desemba ikafika. Binti yangu alikuwa anaingia darasa la kwanza na hakuwa na hata soksi. Mume wangu alisema nguo za kaka yake tuziache sandukuni. Nilimjibu kwamba nguo za sandukuni hazimvishi mtu, na kwamba sitakwenda mkekani mikono mitupu kama ombaomba. Basi nikazifua, nikazipiga pasi: suruali, shati, na sweta lenye kiraka cha kiwiko. Nilipofika nilizitandaza pembeni, nikakaa.

Wanawake walipita wakichagua. Binti yangu alipata sketi, shati na sweta ambalo lilikuwa karibu jipya. Kila nilipogeuka mtu aliniwekea kitu mapajani. Lakini nguo za mwanangu hakuna aliyezigusa. Walizizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi. Nilimtazama jirani yangu. Mwanawe alikaa dawati moja na wangu tangu darasa la kwanza, na mwaka ule alikuwa amerefuka vibaya, suruali imeishia katikati ya miundi. Aliinama, akaigusa ile suruali, akarudisha mkono. Kisha akachukua nyingine ambayo hata mimi kwa mbali niliona haitamfaa.

Nilikusanya nguo za mwanangu na kuondoka bila kuaga. Jirani yangu nilimnunia hadi mwaka ukageuka. Maji ya kuoshea vyombo niliyamwaga upande wa uzio wake. Nilijiambia kwamba wanaogopa mkosi, kwamba mwanangu ambaye amekula nyumbani kwao mara nyingi kuliko kwangu sasa amekuwa kitu cha kuogopwa.

Jumapili, kesho yake shule zikifunguliwa, jirani alikuja mwenyewe. Sikumkaribisha, akaingia.

"Najua umenikasirikia," alisema.

"Nguo za mwanangu zina ukoma?"

Yeye kwao ni juu, Mbulu, na huongea polepole.

"Nguo ya mtoto aliyezikwa haiokotwi mkekani," alisema. "Kwetu anaitoa mama yake, kwa mkono wake, kwa mtoto anayemtaka yeye. Tungeiokota, tungekuwa tumemgawa na wewe bado unamlilia."

Kwetu nilikozaliwa, nguo za marehemu hutandazwa na kila ndugu hujichagulia. Sikujua lingine. Wao nao walidhani ninajua, kwamba nimezileta kwa sababu tu ya sheria ya mkeka, wakaamua kimyakimya kunipa vya binti na kuniachia vya mwanangu. Hasira niliyoilisha siku zote zile ikakosa pa kukaa. Nikabaki na huzuni tupu, na hiyo ilikuwa nzito zaidi.

Nilimwambia amlete mwanawe.

"Mimi nitamfulia tu," alisema. "Wewe ndiye utakayemwona nayo kila asubuhi. Utaweza?"

"Sijui. Mlete."

Mtoto alikuja ameoga, akasimama sebuleni mikono nyuma. Shati lilimtosha. Sweta lilimtosha pia, na niliona akipapasa kile kiraka kwa kidole, maana alikuwepo siku kiwiko kilipochanika. Suruali ilikuwa fupi. Nikachukua wembe, nikakaa sakafuni miguuni pake, nikaanza kufumua pindo.

Nilikuwa nimeacha mikunjo miwili, wa mwaka huu na wa mwaka ujao. Nilipoifungua, kitambaa cha ndani kilikuwa bluu iliyoiva, kama siku kilipotoka dukani. Juu yake kote suruali ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni na michezo ya mwanangu, lakini kile kipande cha chini hakuna jua lililokigusa. Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimelia hivyo hata kaburini. Nilikishika kile kitambaa kwa mikono miwili na mguu wa mtoto wa watu ukiwa ndani yake, naye akasimama wima bila kusogea mpaka nilipomaliza. Kisha nikashona ukingo mwembamba, nikamwambia avue niipige pasi.

Jumatatu nilijiapiza kutotazama nje. Lakini nilikuwa mlangoni nikimfunga binti yangu kamba za viatu yule mtoto wa jirani aliposimama kwenye uzio, ile bluu mpya ikionekana wazi juu ya soksi. Alikuja kumchukua mdogo wa rafiki yake waende naye, na hakuna aliyemtuma.

"Shikamoo, Mama," akasema, na baada ya Mama akaweka jina la mwanangu.

Hakukosea. Hilo ndilo jina alilonijua nalo siku zote, na hakuna mtu mzima aliyekumbuka kumwambia aliache. Nilimsikia mama yake uani akimwita kwa ukali, anyamaze. Nikainua mkono kumzuia mama yake.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. Nikamwomba aniite tena.