Mkusini Halii

Msabaha wa Makunduchi alikuwa na kitu kimoja tu London kilichomfanya aonekane mtu: ngoma ya benchi la Kusini. Siku nyingine zote anabeba maboksi ya mihogo sokoni Lewisham, anaambiwa "we mzee, sogea." Lakini ikifika mechi ya Idi ya Wazanzibari kule Stratford, Kusini Unguja na Kaskazini Unguja, jamaa anavaa skafu yake ya kijani, anatundika ngoma shingoni, na hapo hakuna wa kumwambia sogea.

Ngoma ilikuwa na sharti lake, na sharti kaliweka mwenyewe. Kwao Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, wanaume wa pande mbili wanachapana kwa makoa ya migomba mpaka hasira zote ziwatoke, halafu wanakwenda kula. London migomba iko wapi? Basi mashabiki wakawa wanachapana kwa maneno. Sema chochote, gusa chochote. Ila anayekasirika au kutoa chozi anavuliwa skafu, na benchini harudi.

Na jamaa alikuwa na mdomo! Mwaka jana Kaskazini walimchapa Musab, nesi kijana wa Kusini, kwa habari ya mchumba aliyemkimbia wiki ya harusi. Machozi yakamlengalenga. Msabaha hakungoja, akamvua skafu mbele ya watu.

"Mkusini halii, mwanangu. Nenda kalilie kwenu."

Watu hoi kwa kicheko.

Mwaka huu mama yake Msabaha akafariki huko huko Makunduchi. Makaratasi ya Msabaha hayajatoka mpaka leo. Akitoka Uingereza, harudi. Lakini mpiga ngoma wa Kusini atawaambiaje watu kwamba kashindwa kwenda kumzika mamake? Akaliaga benchi zima kama anayesafiri, akakumbatiwa, akapewa pole, kisha akapanda treni mpaka Queensbury, humo humo London, akajifungia chumbani kwa rafiki yake, pazia chini, akayaangalia maziko kwenye simu. Picha inatikisika. Aliyeteremka kaburini kumpokea maiti alionekana mgongo tu. Aliporudi benchini akasema mchanga wa kaburi bado anauona kwenye kucha.

Idi ikaja. Timu hazijaingia, Msabaha kashaanza na Talib, dereva wa basi, mtu wa Nungwi, Kaskazini kabisa.

"Talib! Kaskazini hamna watu, mna mahoteli tu! Pwani yote mmewapa wageni, sasa mkifa mtazikwa wapi, mapokezi?"

Kusini wakalipuka. Talib akasubiri wamalize, akasimama anatabasamu.

"Na wewe mamako kazikwa na nani?"

"Nimemzika mwenyewe! Waulize hawa!"

"Niwaulize nini, na mimi nilikuwepo? Nilikwenda likizo, nikasikia msiba, nikenda. Wakamwita mtoto wa marehemu ateremke. Hayupo. Nikateremka mimi. Mtu wa Nungwi, sheikh! Mwepesi mamako, masikini."

Msabaha akacheka. Ilibidi acheke. Akaipiga ngoma, mdundo ukampotea. Ule mgongo wa kwenye simu ndio huu huu, mpana, ndani ya jezi ya Kaskazini. Chozi likateremka lenyewe mpaka ndevuni.

Benchi la Kusini, wale wale waliomkumbatia, wakatazamana. Mmoja akaanza kuchekea puani, wakafuata wote. Musab, aliyekuwa akiangalia mechi nyuma ya uzio tangu avuliwe skafu, akapenya mpaka mbele.

"Skafu, mzee."

"Musab, mwanangu, huyu ni mama yangu."

"Mkusini halii. Nenda kalilie kwenu." Akamvua skafu, akamvua na ngoma. "Ama kwenu nako huendi?"

Ngoma ikalia upya, kwa mikono ya Musab. Msabaha akabaki kasimama kwenye chaki ya uwanja, shingo tupu, hajui aelekee wapi. Talib akajisogeza, akapigapiga benchi la Kaskazini kwa kiganja.

"Njoo ukae huku, sheikh. Mamako tumempokea, wewe tutashindwa?"

Pande zote mbili zikacheka pamoja, kama kwao siku ya Mwaka. Halafu timu zikaingia, na hakuna aliyemtazama tena.