Mpiga Gofu Aliyechukua Mbio Zangu

Juzi wajukuu wangu walikuwa wanasikiliza redio, na mtangazaji mmoja akawauliza wasikilizaji kama mpiga gofu ni mwanamichezo sawa na mkimbiaji au bondia. Wajukuu wakacheka. Mimi nikasema zimeni hiyo redio. Wakanishangaa, na sikuwalaumu, kwani watajuaje? Swali hilo liliwahi kuulizwa Tabora, enzi za Mwingereza, mbele yangu, na jibu lake nimelibeba kifuani mpaka uzeeni.

Miaka ile baada ya vita ya pili nilikuwa mpakiaji katika ghala la stesheni. Karanga, asali, nta, ngozi, vyote vilipita mgongoni mwangu. Lakini kabla ya kazi, alfajiri, nilikuwa nakimbia. Nilitoka kwetu upande wa Kipalapala mpaka mjini, nikifuata ile njia ya zamani ya misafara ambayo babu yangu aliipita na pembe za ndovu kichwani hadi pwani. Babu alikimbizwa na mwenye mali. Mimi nilikimbia mikono mitupu, na mama kila siku aliniuliza ni nani ananifukuza.

Kwenye michezo ya pale mjini hakuna mkimbiaji aliyewahi kuniona uso wakati wa kumaliza, wote waliona mgongo tu. Afisa mmoja Mwingereza aliyesimamia michezo ya Waafrika, sisi tukimwita Bwana Michezo, alikuwa akisimama na saa yake mkononi, anaitazama, anaitikisa, anaitazama tena. Hilo lilinifurahisha, na pia lilinisumbua. Nilikuwa sijawahi kukimbia na mtu wa kunishinda. Je, nina mbio kweli, au Tabora tu ndiyo haina wakimbiaji? Nilitaka kujua. Wallahi, nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kuoa.

Basi mwaka mmoja ikaja habari kwamba kutakuwa na mashindano ya nchi nzima Dar es Salaam, na reli imetoa nafasi kwenye treni kwa mwanamichezo mmoja Mwafrika kutoka Tabora. Mmoja tu. Wenzangu ghalani wakaanza kunipa pole ya safari kabla sijapanda hata behewa.

Sasa nimlete rafiki yangu. Alikuwa Mzaramo, kijana wa makamo yangu, aliyeletwa Tabora na reli akaishia kuwa mtunzaji wa uwanja wa gofu wa klabu ya Wazungu. Kwetu kiangazi hakiachi jani, kwa hiyo pale kwenye mashimo hapakuwa na majani bali duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini. Kazi yake ilikuwa kuburuta gunia juu ya mchanga ule kila wachezaji walipopita, ulainike tena. Wazungu wakishaenda kunywa vinywaji vyao jioni, yeye alichukua fimbo kuukuu na kujifunza. Alijifunza hasa. Ikafika mahali Wazungu wenyewe wakawa wanamwita awaonyeshe mkono unavyokaa.

Huyo alikuwa mtani wangu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Hukunyang'anya nyama sahanini ukacheka. Siku tuliyomzika baba yangu, alirukia ndani ya kaburi kabla maiti haijashushwa, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba mzee alikuwa mchoyo hata kaburi lake ni jembamba. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mama naye akacheka. Nilimpenda kwa siku ile kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, ambao walikaa tu wameinamisha vichwa.

Jioni tulikutana kwenye baraza ya muuza kahawa, karibu na soko, na mada yetu ilikuwa ile ile. Mimi nilikuwa nasema gofu si mchezo, ni matembezi ya watu walioshiba. "Mchezo gani huo mtu anaucheza kiko kikiwa mdomoni? Anapiga kijipira, halafu anakifuata polepole kama mtu aliyepotelewa na mbuzi wake. Na mzigo wake amebeba mwingine!"

"Na wewe unafanya nini cha ajabu?" ananijibu. "Kukimbia hata kuku anakimbia. Ukimtupia jiwe."

Watu wanacheka. Yeye anaendelea, na hapo sauti yake inabadilika kidogo, anasema kweli. Anasema njoo usimame na kijipira kile, upepo wa kiangazi unakupiga ubavuni, watu wamenyamaza wanakutazama, mkono ukitetemeka kidogo tu mpira umekwenda porini. Anasema hiyo nayo ni kazi ya mwili, tena mwili unaotii.

Siku moja akanichukua nijaribu. Nilipiga kwa nguvu zangu zote za kupakia magunia, na nikang'oa kipande cha ardhi, mpira ukabaki pale pale unanitazama. Nikapiga tena. Mara ya mwisho kiuno kikalia, kesho yake nikashindwa kuinama ghalani. Kwa hiyo nisiseme uongo: kuna jambo pale. Lakini niliwahi pia kumbebea Mzungu mfuko wa fimbo zake uwanja mzima, siku mbebaji wake alipougua, na aliyetoka jasho nilikuwa mimi. Nikamwambia mtani wangu, kama gofu ni mchezo basi mwanamichezo ni mbeba mfuko, na kama ni hivyo babu zangu Wanyamwezi wote walikuwa mabingwa na hakuna aliyewapa kikombe.

Akacheka mpaka akamwaga kahawa.

Jioni moja, siku chache kabla ya nafasi ile kuamuliwa, tulikuwa pale pale barazani. Watu walikuwa wengi. Akasimama, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Jamani, huyu mpagazi wangu hana safari. Nafasi ni yangu. Nitakwenda Dar es Salaam kupiga gofu, yeye nitamwacha apakie karanga."

Sasa mtani akikwambia hivyo unafanyaje? Unakasirika? Ukikasirika wewe si mtu, watu watakucheka mpaka ukahame mji. Mtani akiomba unampa, tena unampa kwa mdomo mkubwa kuliko wake. Nikasimama na mimi. "Ichukue!" nikasema. "Nimekupa, mla nazi wee! Gofu ndio mchezo wenyewe. Mimi si mwanamichezo, mimi nakimbia kwa sababu naogopa nyuki!"

Baraza zima likaanguka kicheko. Tukapigana mabega, tukanywa, tukaenda kulala.

Jumamosi yake tukaitwa kwenye ukumbi. Bwana Michezo alikuwa amekaa mezani, na nje ya mlango nusu ya watu wa barazani wamejaa kusikiliza. Nilikuwa nimevaa shati safi. Bwana Michezo alijua Kiswahili vizuri. Akasema yeye alikuwa amekusudia kunipeleka mimi, lakini mtunzaji wa uwanja wa gofu ameleta ombi, kwa kuwa mwaka huu Dar es Salaam kutakuwa pia na mashindano ya Waafrika wa vilabu vya gofu. Kwa hiyo swali likawa moja: je, mpiga gofu ni mwanamichezo wa kupewa nafasi ya mkimbiaji?

Nikageuka kumtazama rafiki yangu. Alikuwa hajaniambia. Jioni zote zile tulizokaa bega kwa bega, ombi limekwisha kwenda, na hakuniambia!

Akasimama, kofia mkononi, akasema kwa adabu kabisa, "Bwana, mwenzangu mwenyewe amekwishajibu. Alisema mbele ya watu kwamba gofu ndio mchezo, yeye si mwanamichezo, na nafasi amenipa mimi. Mashahidi hao hapo mlangoni."

Bwana Michezo akaniuliza, "Ulisema hivyo?"

"Nilisema, bwana, lakini huyu ni mtani wangu."

"Ni rafiki yako, ndiyo. Lakini ulisema?"

Nikatazama mlangoni. Wale watu walijua. Kila mmoja wao alijua maneno yale ni maneno gani. Nilingoja mmoja aseme, bwana, huo ulikuwa utani, hatuyaweki maneno hayo kwenye mizani. Hakuna aliyesema. Wengine walikuwa wanatabasamu, kwa maana machoni mwao huo ulikuwa utani mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona, na bado unaendelea.

"Nilisema," nikajibu.

Bwana Michezo naye alikuwa mpiga gofu. Uso wake ulikunjuka kabisa. Akasema amefurahi kuona mkimbiaji anaheshimu mchezo wa mwenzake, huo ndio uungwana wa michezo, na akanipa mkono. Mkono! Nami nikaupokea kama mjinga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba wangu, ambaye katika ukoo wetu ndiye aliyekuwa akiamua mashauri. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika pale pa mashahidi mlangoni, hapo akaanza kutikisika mabega. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shuka.

"Mjomba, ameniibia."

"Amekuibia nini? Unakuja kumshtaki Mzaramo kwangu? Nitamwita nimwambie nini, kwamba mtani wake analia?" Kisha akaona uso wangu, akapunguza. "Mwanangu, na wewe kachukue kitu chake. Ndivyo ilivyo."

Nikachukue kitu gani? Alikuwa na gunia na fimbo kuukuu. Na mbio zangu zisingerudi. Miguu ile ilikuwa ya mwaka ule.

Siku ya safari nilikuwa kazini, sikuwa na pa kujificha. Nilipakia behewa la mizigo la treni ile ile. Nilipomaliza nikatokea jukwaani, na yeye akaniona, akachomoza kichwa dirishani. Alikuwa amevaa koti la kuazima. Watu wa barazani walikuja wote kumsindikiza.

"Wewe mpagazi!" akapaza sauti. "Umefunga vizuri mizigo yangu? Nikifika nitakununulia kamba mpya ya kukufungia!"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi kungoja jibu langu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na matusi mazuri ya Wazaramo ambayo hata yeye hajawahi kuyasikia. Nikasogea mpaka chini ya dirisha lake, nikavua kofia.

"Safari njema, ndugu yangu," nikasema. "Mungu akufikishe salama. Uwasalimie wazee nyumbani."

Kicheko kikakatika pale jukwaani. Mtani hapewi maneno ya namna hiyo. Ni maneno ya kumpa mgeni, mtu uliyekutana naye njiani na hutamwona tena.

Akanitazama. Tabasamu likabaki mdomoni kidogo, kisha likaondoka. "Ni utani tu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Si ulinipa?"

"Ndiyo, nilikupa. Safari njema."

Treni ikaanza kuvuta. Akachomoza nusu ya mwili dirishani, ameshika kofia kwa mkono mmoja. "Nitukane basi!" akapiga kelele. "Wewe Mnyamwezi, nitukane!"

Nikampungia mkono kwa heshima mpaka behewa lake lilipopita.