Jumatano ya Mwisho ya Mfunguo Tano

Mtoto wangu wa kwanza alikaa njiani siku tatu. Alipotolewa alikuwa amekwisha kufa, na mimi nusura nimfuate. Daktari, Mzungu mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni, alinipima nyonga kisha akamwambia mkunga anifahamishe kwamba nyonga zangu ni nyembamba, mtoto aliyetimia hapiti. Nikishika mimba tena, mtoto atatolewa kwa kisu, na siku ya kisu itapangwa mapema, kabla uchungu haujaanza.

Nilishika mimba tena mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha. Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Ng'ambo ya Tabora, mtu wa kupima neno kama anavyopima kitambaa, na nilipomwambia akasema, "Safari hii tufanye walivyosema." Nikaitikia. Nakumbuka sana kwamba niliitikia.

Tumbo lilipokuwa kubwa nilikwenda hospitalini, nikapewa siku yangu. Ilikuwa Jumatano. Mkunga alikuwa mama wa makamo, Mkristo wa Kimoraviani kutoka upande wa Ipole, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyamwezi ndani yake, kila mwanamke akimwita mayu, yaani mama. Alinikalisha kwenye benchi, akanieleza yote yatakayonipata, moja baada ya jingine, akikunja vidole.

"Unakuja Jumanne kabla jua halijatua, na nguo za mtoto mkononi, unalala hapa. Usiku huo huli. Asubuhi hunywi hata maji, mayu, hata kama koo limekauka. Tutakunyoa, tutakuosha tumbo kwa dawa. Utalazwa kwenye meza nyembamba, utafunikwa pua kwa kitambaa chenye dawa kali, utahesabu, hufiki kumi umelala. Ukiamka utatapika. Utasikia tumbo kama limemwagiwa makaa. Usiogope, ndivyo lilivyo. Ukikohoa, bana mto hapa. Usicheke. Siku ya tatu maziwa yanakuja, matiti yanajaa mpaka yanauma. Siku ya kumi tunatoa nyuzi."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto utamsikia analia kabla hujafumbua macho. Wengi husema hivyo, kwamba kilio ndicho kilichowaamsha." Kisha akanishika mkono. "Lakini sikiliza. Uchungu ukianza kabla ya siku yako, au chupa ikipasuka, usingoje siku. Njoo saa ileile, hata kwa miguu."

Nilimwambia nimesikia. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa naiona ile meza nyembamba. Sikumwona mtoto, niliona meza na kitambaa cha kufunika pua, na mimi nimelala uchi mbele ya Mzungu, tumbo limefunguliwa kama la mbuzi wa Idi. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo mkali, mtaani walikuwa wakinikwepa, lakini kwa kisu nilikuwa mwoga kabisa.

Mama yangu alikuwa akikaa nasi. Baba yake alikuja Tabora kutoka pwani na misafara, enzi za pembe na wapagazi, akabaki, akaoa. Alichomwachia mama kilikuwa ni kijitabu cha siku. Msafara hauondoki hivi hivi, ulikuwa na siku ya kufunga mizigo na siku ya kutoka, na babu ndiye aliyekuwa akiulizwa. Misafara ilikwisha, reli ikaja, lakini mama alibaki na zile siku zote kichwani. Jirani akitaka kujenga, alimwuliza mama. Akitaka kumsafirisha binti, alimwuliza mama.

Nilipomwambia siku niliyopewa, alihesabu kwa viungo vya vidole, akahesabu tena. Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, mwezi wa tano tangu tulipofungua Ramadhani. Watu wa kwetu wanaijua siku hiyo. Haianzwi kazi, haisafiriwi, watu hukaa ndani au msikitini wakasoma dua na kunywa kombe, mpaka jua lizame.

"Haiwezekani," mama alisema. "Siku nyingine yoyote, mwanangu. Hii hapana. Babu yako hakutoa hata mzigo mmoja wa chumvi siku hii, mimi nitakutoa wewe ukapasuliwe?"

"Daktari amesema Jumatano," mume wangu alisema.

"Daktari ana Jumatano nyingi. Mzazi wa kawaida hachagui siku, Mungu humchagulia. Huyu amepewa kuchagua. Sasa tuchague mbaya tukiiona kwa macho?"

Mume wangu alinitazama mimi. Alikuwa akingoja nifungue ule mdomo wangu maarufu, maana nyumbani mwetu neno langu ndilo lililokuwa likimaliza ubishi. Nikatazama mkeka. Nikasema, "Mama ndiye anayejua siku."

Watu wanadhani nilimwogopa mama au niliamini kijitabu. Sikukiamini sana, nilikuwa nikimtania kila siku kwa hesabu zake. Nilifurahi, huo ndio ukweli. Mama alipotamka neno hapana, moyo wangu ulitulia, kwa sababu ile meza nyembamba ilikuwa imesogezwa mbele. Tulipatana tungoje Jumatano ipite, twende hospitalini Alhamisi alfajiri, tuombe radhi. Jumanne jua likatua nikiwa nyumbani. Nilikula wali na maharage, nikashiba.

Jumatano niliamka alfajiri na uchungu.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa ukikaza kiunoni, ukiachia, ukikaza tena, na mimi nilikuwa nimezaa mara moja, sikuwa mgeni nao. Mume wangu alikuwa akivaa kanzu aende msikitini kwenye dua ya kutwa. Nilimwangalia akifunga vifungo vyake, vyote, mpaka cha shingoni, akaaga, akatoka. Sikusema. Nilijiambia ni tumbo tu, wali wa jana. Mama alileta kombe, sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akaiosha kwa maji ya waridi, nikanywa. Alikuwa mchangamfu asubuhi ile. Alinionyesha kikapu alichokificha chini ya kitanda chake, ingawa kwetu nguo za mtoto haziandaliwi kabla hajafika. Alikuwa amekata kanga yake ya zamani, ile nyekundu, akaipinda pembeni kwa mkono, ikatoa winda sita.

"Mkunga si alisema twende nazo?" alisema. "Basi nimevunja mwiko mmoja, nimeshika mwingine. Mungu atatusawazishia."

Nilicheka, na nilipocheka kiuno kikakaza, nikainamia kikapu ili asione uso wangu.

Adhuhuri nilikwenda chooni, chupa ikapasuka. Maji yalikuwa mengi. Niliyamwagia maji ya kopo, nikabadili kanga, ile iliyolowa nikaificha nyuma ya mtungi. Mkunga alikuwa amenikunjia vidole, akanishika mkono, akaniambia saa ileile. Niliyakumbuka maneno yake yote. Nikarudi chumbani nikalala ubavu, nikajiambia ningoje kidogo, labda mtoto atapita mwenyewe, labda Mzungu alipima vibaya, labda nitazaa hapa kwenye mkeka kama wanawake wengine na hakuna atakayenigusa kwa kisu. Mtoto aliruka ruka kwa nguvu mara kadhaa. Kisha akatulia, nami nikashukuru kwamba ametulia.

Alasiri sikuweza tena. Nikapiga kelele.

Mama aliingia mbio, akapiga magoti, akanishika tumbo. "Umeanza lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Wala hakutazama jua. Mtu aliyefundisha mtaa mzima kukaa ndani siku ile aliinuka, akajitupia buibui, akatoka barabarani peke yake, na barabara ilikuwa tupu, milango yote imefungwa kwa sababu yake yeye. Alikwenda kwa mfanyabiashara jirani aliyekuwa na lori la kubebea asali na nta kutoka Ipole. Nilimsikia kutoka ndani akigonga mlango ule kwa viganja.

"Shikamoo mama. Lakini leo?" dereva wake aliuliza. "Leo si wewe uliyesema—"

"Leo hii. Washa gari!"

Walinipandisha nyuma, juu ya magunia yaliyokuwa na harufu ya nta. Mama alikaa chini, kichwa changu mapajani mwake, kikapu cha winda pembeni. Kwenye kila shimo alinikumbatia ili nisitikisike, akisoma alichojua. Alikuwa akiiogopa ile siku kwa moyo wake wote, na bado alikuwa ametoka siku hiyohiyo bila kuuliza mara mbili.

Mkunga alitupokea mlangoni. Aliniinua kanga, akatia mkono, nikaona uso wake unabadilika. Kamba ya kitovu ilikuwa imetangulia, imebanwa, na haikuwa ikipiga tena.

"Chupa imepasuka saa ngapi?"

Mama alikuwa amesimama pale pale, ameshika kikapu.

"Njiani," nikasema. "Kwenye gari."

Mkunga aliitazama kanga yangu, iliyokuwa kavu. Akanitazama mimi. Ile kanga iliyolowa ilikuwa nyumbani nyuma ya mtungi, na nadhani alijua kama aliyeiona. Akageuka, akaenda mbio kumwita daktari.

Mengine yote yalikuja kama nilivyoelezwa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba yule mama alikuwa amenitajia kila kitu sawasawa. Meza ilikuwa nyembamba. Dawa ilikuwa kali, nilihesabu nikafika saba. Nilipoamka nilitapika, na tumbo lilikuwa limemwagiwa makaa. Nilikohoa nikabana mto. Siku ya tatu maziwa yalikuja, matiti yakajaa mpaka yakauma, mkunga akanifunga kwa kitambaa kipana ili yakauke. Siku ya kumi walitoa nyuzi. Kilichokosekana ni kimoja tu. Nilipofumbua macho palikuwa kimya, nikayafumba tena nikasikiliza, nikadhani labda bado sijaamka.

Alikuwa mwanamume. Mume wangu na wanaume wengine wachache walimzika akiwa amezungushiwa winda moja nyekundu. Zilizobaki tano mama alirudi nazo nyumbani kwenye kikapu kilekile.

Mama alimwuliza mkunga mbele yangu, kitandani pangu, kama mtoto angepona. Mkunga alikuwa mtu wa haki, hakujua kudanganya wagonjwa. "Angekuja Jumanne kama tulivyosema, angekuwa hai," alijibu. "Hata Jumatano asubuhi." Alisema hivyo akinitazama mimi. Lakini aliyelisikia ni mama, na yeye alisikia kijitabu chake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimelala pale, nina maumivu, nina hasira na dunia nzima, na mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikafungua mdomo wangu mkali.

"Jumatano yako imeniulia mtoto," nilimwambia.

Alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Hakulia. Aliporudi nyumbani alitia kijitabu cha baba yake jikoni, motoni. Jirani akija kuuliza siku ya kusafiri, alikuwa akijibu kwamba siku zote ni za Mungu, hajui zaidi.

Nilizaa tena baadaye, mabinti wawili, wote kwa kisu, wote siku niliyopangiwa. Mama alinipeleka mwenyewe mara zote mbili, tukafika mchana kweupe kabla hata mkunga hajatutarajia. Winda za kanga nyekundu ziliwavika wote wawili. Aliwalea, aliwabeba, lakini wakilala alikuwa akiwatazama kwa namna fulani, nami nilijua anahesabu nani hayupo.

Na kila mwaka, Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, wakati Ng'ambo yote imejifungia, mama alivaa buibui asubuhi na mapema akatoka. Alitembea mpaka lango la hospitali, akagusa nguzo, akarudi. Watu walimchungulia madirishani. Wengine walisema amechanganyikiwa. Nilimuuliza mara moja tu anakwenda kufanya nini.

"Natembea njia ambayo ningeitembea asubuhi ile," alisema. "Ningetoka nawe mapema, leo angekuwa anasoma."

Ningeweza kumwambia hapo mlangoni. Nilikuwa na unga mikononi, nikarudi jikoni.

Mwaka wake wa mwisho, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya boma, miguu ilikuwa imemvimba na pumzi haimtoshi. Siku ilipofika aliomba nimshike mkono, twende pamoja. Tulikwenda pole pole, tukipumzika kwenye baraza za watu, milango imefungwa, jua linachoma. Niliapa njiani kwamba tukifika nitasema. Niliyapanga maneno. Alfajiri, mama. Uchungu ulianza alfajiri, wakati unanionyesha winda ulikuwa umeshanishika. Hukumuua wewe. Wewe ndiye uliyetoka.

Tulifika. Aliiegemea nguzo ya lango akahema, akaitafuta mikono yangu akaishika yote miwili.

"Sijawahi kukuomba," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Kwa ile siku."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Nilimtazama usoni, mtu niliyempenda kuliko watu wote, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Alilia kwa raha. Akanishukuru njia nzima mpaka nyumbani.