Mume wa Bingwa kutoka Leitrim

Deus Rwegasira hakuwahi kutazama pambano la mke wake hadi mwisho. Watu wa Walthamstow, mtaa wao wa London, waliomjua Nuala kwa picha zake kwenye mabango walidhani mume wa bingwa hukaa kiti cha mbele kabisa na kupiga kelele kuliko wote. Yeye alikuwa akifika na kukaa, kengele ya kwanza inalia, na kabla raundi ya tatu haijaisha amekwisha kuinuka. Anatoka. Anasimama nyuma ya ukumbi kwenye mapipa ya taka, anasikiliza watu wakishangilia ndani na kujaribu kukisia ni nani aliyepigwa.

Walikutana kwenye nyumba ya wazee kule Edmonton, ambako Deus alifanya kazi tangu atoke Bukoba. Nuala Gilhooly alikuwa akija Jumapili kumwona shangazi wa baba yake, bibi wa Kiayalandi aliyempenda Deus kwa sababu alijua kumkata kucha bila kumuumiza. Jumapili moja Nuala aliingia jicho la kushoto limevimba hadi limefumba, na mdomo umepasuka. Deus akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna namba ambayo wanawake hupiga, na kwamba asirudi kwa huyo mwanaume.

Nuala alimtazama kwa jicho lake moja. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kupigwa nimepigwa," alisema. "Lakini ukimwona mwenzangu, utamhurumia yeye."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nuala alikuwa mtoto wa fundi umeme wa Leitrim, Ayalandi, huko kwenye mvua na malisho, na klabu ya ndondi ya kwao ilikuwa ya wavulana tu. Kocha alimkubali kwa shingo upande, Nuala akawa anabadilishia nguo kwenye stoo ya mafagio. Hakukuwa na msichana wa kupigana naye, kwa hiyo alipigana na wavulana, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kutaka kuingia naye ulingoni. Akawa bingwa wa Ayalandi mara mbili. Olimpiki aliikosa kwa alama ya jaji mmoja, na jambo hilo hakupenda kulizungumza. Ndipo akaja London, mchana anavuta nyaya za umeme kwenye majengo mapya, jioni yuko jimu kwa Tarsem.

Tarsem alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, mzee mwenye kilemba cha buluu na maneno machache, ambaye jimu yake ilikuwa nyuma ya maghala ya Edmonton. Yeye ndiye aliyemwingiza Nuala kwenye ndondi za kulipwa, na ni yeye aliyekuwa kwenye kona yake siku alipotwaa mkanda wa Ulaya. Wakati huo Nuala na Deus walikwisha kuoana. Kwenye harusi, rafiki yake Deus aitwaye Rajab, mtu wa Tabora asiyeweza kukaa bila utani, alisimama mbele ya watu akauliza, "Shemeji akikasirika, bwana harusi atalala wapi?" Ukumbi mzima ulicheka. Deus naye alicheka. Lakini hakuwahi kuogopa mikono ya Nuala hata siku moja. Alichoogopa ni mikono ya wengine.

Kazini kwake aliwalisha watu wasioweza tena kushika kijiko. Aliwavalisha soksi watu waliosahau majina ya watoto wao. Akirudi nyumbani anamkuta mkewe anaimba huku anakaanga vitunguu, ana alama nyekundu kwenye shavu, na moyo wake unashuka.

Pambano la Ulaya lilikuwa gumu. Deus alikuwa kwenye mapipa kama kawaida, na kelele za raundi ya nane zilidumu hata akaziba masikio. Nuala alishinda. Alirudi na mkanda begani, akalala kutwa nzima, na alipoamka alilalamika kichwa. Kichwa kilipona, kikarudi, kikapona tena. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuuliza jambo alilokwisha kuuliza. "Umelipia maji?" Anajibiwa. Chai haijapoa, anauliza tena. Deus alijiambia ni uchovu. Aliendelea kujiambia hivyo hadi siku ile simu ya Nurjehan ilipomkuta kwenye basi.

Nurjehan aliuza vitambaa katika soko refu la Walthamstow. Alikuwa Mhindi wa Mwanza, na kwa Deus alikuwa kama dada, maana walisemeshana Kiswahili cha nyumbani.

"Deusi," alisema, "njoo umchukue mkeo."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amesimama hapa mbele yangu, ananiuliza njia ya kwenda kwenu."

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale. Deus alishuka kituo kilichofuata na kukimbia. Alimkuta Nuala amekaa kwenye kigoda cha Nurjehan, mfuko wa viazi miguuni, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Alipomwona mumewe alitabasamu. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeushika mfuko ule kwa nguvu, na Deus alipotaka kuupokea hakuuachia.

"Ni kupunguza uzito tu," Nuala alisema walipofika nyumbani. "Sijala vizuri. Ikitokea hivyo akili inaganda."

"Twende hospitali."

"Nilishapimwa ubongo mwaka huu, wakasema safi."

"Hiyo ilikuwa kabla ya pambano la Ulaya."

Nuala aliweka viazi chini. Pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa limetangazwa, na mabango yalikuwa yameanza kubandikwa. Alisema kwamba Tarsem akisikia neno hili, leseni yake ya ndondi imekwenda, na kila kitu tangu stoo ya mafagio kimekuwa bure. "Niapie kwamba hutamwambia."

Deus aliapa. Haki ya Mungu, alisema, na papo hapo akajua amefanya vibaya.

Siku zilizofuata hakutulia. Nuala akichelewa kujibu, alimtazama. Akiangusha kijiko, aliruka. Kazini alimnyoa ndevu mzee mmoja ambaye upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, akaiweka mashine chini kazi haijaisha, akaenda kusimama chooni. Aliona pambano akiwa macho: ngumi moja ya kawaida, kisha mkewe yuko chini na watu wanakimbilia ulingoni. Alipojaribu kumwambia Rajab, Rajab aliacha utani kwa mara ya kwanza.

"Sasa unasubiri nini?" Rajab aliuliza.

"Nimeapa."

"Mungu unamwonaje, kaka? Unadhani atakushika kwa hilo?"

Basi Deus alikwenda jimu saa za mchana, wakati Nuala yuko kazini kwenye nyaya zake. Tarsem alikuwa peke yake, anafuta kamba za ulingo kwa kitambaa. Deus alimweleza yote: maumivu ya kichwa, maswali, soko. Mzee alisikiliza bila kugeuka.

"Mguu wake wa kushoto unachelewa," Tarsem alisema mwishowe. "Mimi nimeona, mwezi mzima."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa naomba Mungu nikuwe nimekosea." Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Bwana Deus, mimi naogopa kama wewe. Enda umwambie mwenyewe, leo. Asisikie kwangu. Kesho asubuhi nitapigia daktari wa chama cha ndondi simu."

Deus alimwambia Nuala jikoni. Aliyatamka maneno yote kwa pumzi moja, amesimama karibu na mlango kama mgeni. Nuala hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi.

"Uliniapia," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umenichukulia kila kitu, halafu unasimama hapo na kulia."

Alipanga nguo kwenye begi lake la mazoezi, akaenda kwa kaka yake Lewisham. Deus alipika na hakula. Alimpigia simu, haikupokelewa. Alimwandikia ujumbe, haukujibiwa. Kila gari la wagonjwa lililopita barabarani likipiga king'ora lilimsimamisha dirishani.

Jumatano Nuala alipiga simu mwenyewe. Chama kilikuwa kimemwamuru akapigwe picha ya ubongo. "Njoo," alisema, na hakusema zaidi.

Walikaa pamoja kwenye viti vya plastiki vya hospitali. Nuala alikuwa amevaa koti ingawa chumba kilikuwa na joto, na goti lake halikutulia.

"Unajua huwa natapika?" alisema, akitazama mbele. "Kabla ya kila pambano, tangu nikiwa mtoto. Tarsem ananishikia ndoo. Ulidhani ni wewe tu unayeogopa?"

Deus alimgeukia. Aliweka mkono wake juu ya goti lile.

Daktari aliwaonyesha picha. Kulikuwa na damu iliyovuja polepole kati ya fuvu na ubongo, imekaa hapo wiki nyingi na kuukandamiza. Ingetolewa kwa upasuaji, alisema, na huenda angepona vizuri. Nuala aliuliza ingekuwaje kama angepigana.

"Nisingependa kulifikiria hilo," daktari alijibu.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Deus alisali rozari kwa Kihaya, akasahau alipofika, akaanza upya, akasahau tena. Walipomruhusu kuingia, Nuala alikuwa na bandeji kichwani na midomo imekauka. Alimtambua, akaita jina lake. Swali lake la kwanza lilikuwa ni nani amepewa nafasi yake ulingoni. Deus akamtajia, msichana wa Manchester. Nuala akageukia ukutani.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Maswali ya kurudiarudia yamekwisha, na amerudi kwenye kazi ya umeme, ila ngazi ndefu hapandi. Jimu hajakanyaga. Tarsem huja nyumbani Jumamosi, wanakunywa chai na kuzungumzia mvua. Nuala hajasema amemsamehe Deus, na Deus hajathubutu kuuliza.

Jumapili iliyopita walikuwa wanakunja mashuka.

"Ningepigana, unajua," Nuala alisema. "Hata kama daktari angenionyesha picha ile kabla, ningetafuta mahali ningeruhusiwa, nikapigane."

"Najua."

"Hilo ndilo linalonitisha, Deus. Damu hainitishi."

Deus alizishika ncha za shuka upande wake, akamsogelea mpaka mikono yao ikakutana, na Nuala hakuiondoa ya kwake.