Makaa Yasiyouzwa

Wiki jana, sokoni Sigowet, nilimwona mama mmoja akichagua makaa kwa masikio. Aligonganisha vipande viwili karibu na shavu, akasikiliza, kisha akavirudisha guniani.

"Hii hailii," alisema. "Itaruka cheche, na kwangu kuna mtoto wa juzi."

"Haki ya Mungu, mama, hii yote ni ya muwati, mti mgumu!" muuzaji aliapa.

Mama alilitazama jiko ambalo muuzaji mwenyewe alikuwa akichomea mahindi yake. Lilikuwa linawaka kimya, bila moshi.

"Basi nipimie debe moja ya hii unatumia."

Muuzaji alicheka, huku akisukuma kigunia nyuma ya kiti kwa mguu. "Hiyo si ya kuuza, mama."

Siku hizi nikiingia hotelini siulizi kuna chakula gani. Nauliza mpishi amekula nini.